Ua la Uani: Bustani ya Harufu katika Miji ya Waswahili

Neno "ua" katika Kiswahili lina maana mbili zinazotenganishwa na ngeli: lipo ua la mti, ambalo wingi wake ni maua, na upo ua wa nyumba, ambao wingi wake ni nyua, yaani mahali palipozungushiwa ukuta, makuti au fito ili shughuli za nyumbani zifanyike bila kuonwa na wapita njia. Kufanana kwa sauti si ushahidi kwamba maneno hayo yana asili moja, lakini katika miji ya pwani, kuanzia Lamu na Pate hadi Mombasa na Unguja, vitu hivyo viwili viliishi pamoja kwa muda mrefu, kwa kuwa ua la kupandwa na kutunzwa lilipandwa uani, mikononi mwa wanawake, wala si mbele ya nyumba. Bustani inayoelekea barabarani ili majirani wasifu rangi zake ni desturi ya juzi tu, na anayeitafuta historia ya maua ya pwani kwa kuangalia picha za bustani za namna hiyo atakuwa ameanza mwishoni.

Hata neno "bustani" linaelekeza upande huo huo, kwa sababu limetoka Kiajemi na kupitia Kiarabu, na katika Kiajemi limeundwa kwa vipande viwili, kimoja chenye maana ya harufu na kingine chenye maana ya mahali. Mtu wa pwani alikuwa na maneno mengine ya kutenga aina za upandaji: kitalu kilikuwa kipande kilichozungushiwa uzio, na kiunga kilikuwa shamba la miti ya matunda pembezoni mwa mji, neno ambalo baadaye lilikuja kumaanisha kitongoji chenyewe. Wageni walioandika habari za pwani waliviona viunga zaidi kuliko nyua. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, alitaja ndizi na ndimu, na Wareno walioingia Kilwa mwaka 1505 walieleza bustani zilizomwagiliwa maji ya visima. Maua hayakupata nafasi kubwa katika maandishi yao, jambo ambalo halishangazi, kwani mwanamume mgeni hakuwa na njia ya kufika uani.

Mimea ya uani ilichaguliwa kwa pua kabla ya macho. Wa kwanza kwa heshima ulikuwa mwasumini, kichaka chenye asili ya Asia ya Kusini na maua madogo meupe; pamoja nao palikuwa na afu, yaani asumini ya mwituni, na mrehani, ambao jina lake limetoka Kiarabu na ambao thamani yake imo katika majani kuliko katika ua. Mwaridi ulipandwa pia, ingawa joto la pwani haliupendi, na marashi ya waridi yaliyorushwa kwa mrashi katika maulidi na harusi yalikuwa bidhaa ya ng'ambo. Mlangilangi, mti wa Asia ya Kusini-Mashariki wenye maua ya manjano yaliyolegea kama vitambaa vilivyochanika, ulihitaji nafasi kubwa zaidi, hivyo ulisimama kiungani na maua yake yakaletwa mjini. Mkadi nao huota wenyewe karibu na ufuko, na ni mti dume tu unaotoa ua lenye harufu kali linalotafutwa, kwa hiyo mwenye mti jike alikuwa na majani ya kusukia na hakuwa na zaidi.

Matumizi ndiyo yaliyoamua mmea gani upewe maji. Asumini zilitungwa uzini zikawa koja la kuvaa shingoni au shada la kufungwa kwenye nywele. Majani ya mrehani, vipande vya kadi, waridi na asumini vilifungwa pamoja na manukato mengine vikawa kikuba, kifurushi kidogo ambacho mwanamke alikiweka kifuani au kwenye nywele. Na maua yaliyobaki yalitandazwa kitandani au kuwekwa kati ya nguo sandukuni. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama akimuusia binti yake, unaitaja asumini katika sehemu ya kujipamba na kutandika, na unaitaja kama kitu cha kila siku ambacho hakihitaji maelezo.

Utunzaji wa mimea hiyo ulifuata pepo. Kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, huleta joto na ukavu, na ndio wakati ambao kazi ya uani ilikuwa nzito, kwa kuwa kila tone lilitekwa kisimani kwa ndoo na kubebwa. Kati ya Machi na Mei huja masika, mvua ndefu, na hapo tatizo hugeuka: udongo wa mawe ya matumbawe, ambao ndio udongo wa sehemu kubwa ya miji hiyo, hauhifadhi maji na hupoteza rutuba haraka, na rehani huoza mashina ikiwa haikuinuliwa juu ya ardhi. Kusi, upepo wa kusini unaofuata hadi karibu na Septemba, ni baridi kwa kipimo cha pwani, na hubeba chumvi ya bahari inayounguza majani machanga. Ukuta wa ua, uliojengwa kwa ajili ya sitara ya watu, uliisitiri na miche. Vuli, mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, zilikuwa fursa ya pili ya kupanda. Mimea mingi ilikaa katika mitungi iliyopasuka na, tangu mafuta ya taa yalipoanza kuletwa kwa wingi, katika madebe matupu, kwa hiyo iliweza kuhamishwa kutoka juani hadi kivulini msimu ulipogeuka.

Siku nayo ilikuwa na saa yake. Asumini hufunguka usiku, kwa hiyo huchumwa alasiri ingali matumba yaliyofumba, hutungwa kabla ya magharibi, na hufunguka ikiwa tayari imevaliwa. Sababu ya tabia hiyo ni mgeni wa usiku: maua meupe yenye harufu inayozidi jua likizama ni maua yanayowaita nondo, ambao huona weupe gizani na kuifuata harufu kutoka mbali. Hata hivyo asumini ya majumbani, hasa ile yenye petali nyingi, kwa kawaida haizai mbegu, hivyo nondo hupata alichokijia na mmea haupati kitu. Mwasumini huenezwa kwa vipandikizi, vijiti vinavyokatwa na kuchomekwa ardhini, na maana yake ni kwamba kila mwasumini wa pwani ulitoka katika mkono wa mtu fulani aliyempa mwenzake, jirani kwa jirani na, hapo mwanzo, jahazi kwa jahazi.

Katika majumba ya watawala wa Zanzibar ua ulipanuka ukawa kitu kingine. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, alieleza ua wa kasri hilo ukiwa na tausi, swala, flamingo, bata na mbuni waliotembea huru, na ni wazi kwamba mwenye wanyama hao hakuweza kuwa na miche laini isiyozungushiwa kitu. Katika nyumba za namna hiyo kuteka maji ilikuwa kazi ya watumwa, na maelezo mengi ya uzuri wa bustani za enzi hiyo huipita kazi hiyo kimya. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini, hatua iliyobadili maisha ya uani kuliko amri yoyote juu ya bustani zenyewe. Utawala wake ulikuwa mchanga kimbunga cha Aprili 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mkarafuu mpya husubiriwa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, ilhali mwasumini uliovunjika huchipua tena kutoka shinani, na hiyo ni moja ya sababu za bustani ya uani kudumu pale ambapo mashamba ya mauzo yalipanda na kushuka.

Bustani ya macho ilikuja na Wazungu. John Kirk, daktari na mpenzi wa mimea aliyefika Zanzibar mwaka 1866 na kuwa balozi wa Uingereza, alikuza huko Mbweni miti aliyoikusanya kutoka nchi nyingi, na jina lake limebaki katika aina mojawapo ya mkadi, Pandanus kirkii, na katika kima punju, Piliocolobus kirkii. Baada yake ilienea mimea ya rangi kali isiyo na harufu ya kutajika: bogenvilia ya Amerika ya Kusini, na mkrismasi wa Madagaska, ambao uliitwa hivyo kwa kuwa huwaka mwekundu mwishoni mwa mwaka. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, nayo ilikuwa mahali pa kutembea na kutazamana, kinyume kabisa cha ua. Lantana, iliyoletwa kutoka Amerika kama ua la uzio, ilipata wasafirishaji wasiotarajiwa: shore na ndege wengine walikula matunda yake madogo meusi, wakaangusha mbegu porini, na leo inahesabiwa miongoni mwa magugu mabaya.

Mgeni aliyeidhuru zaidi bustani ya uani aliletwa kwa makusudi. Kunguru wa India waliingizwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji. Waliongezeka, wakavuka hadi bara, na wakawa waharibifu wa viota vya ndege wadogo, akiwamo chozi, ndege mwembamba mwenye mdomo uliopinda anayenyonya asali ya maua na kula wadudu wanaoyashambulia. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa suluhisho la utawala lililogeuka mzigo wa wenye nyumba. Waamu, yaani watu wa Lamu, kwa upande wao, walikuwa na ufundi wao wa kualika wanyama: ndani ya birika, yaani tangi la maji la nyumba, waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa tangi wakaweka bakuli ili samaki hao wabaki na maji wakati mengine yamekwisha kutekwa.

Kusini mwa Unguja, karibu na msitu wa Jozani, wageni ni wakubwa zaidi. Kima punju hutoka msituni na kula majani machanga ya miembe na mikungu katika mashamba na nyua za vijiji, na kwa kuwa majani hayo yana kemikali zinazozuia mmeng'enyo, kima hao wamejifunza kula mkaa, ambao huzinasa kemikali hizo tumboni. Watafiti waliowafuatilia katika miaka ya 1990 waliwaona wakiuchukua majikoni na kwenye matanuri ya kuchomea mkaa, na watoto wakijifunza kwa kuwatazama mama zao.

Kikuba bado kinafungwa katika Mji wa Kale wa Mombasa na Unguja, na mmoja wa mimea yake haukuletwa na mtu yeyote kutoka ng'ambo. Huo ni mkilua, mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ambao wanawake waliuhamishia uani kwa ajili ya maua yake yenye harufu nzito. Wataalamu wa mimea walipokuja kuuelezea rasmi, mwaka 1970, waliona hauingii katika jenasi yoyote iliyojulikana, wakauundia jenasi yake peke yake, na jina waliloipa ni lile lile walilolitumia wenye nyua: Mkilua.