Mikono Inayoponda Kokoto: Kazi ya Bi Flora M'mbugu-Schelling

Leo tuweke mishono pembeni kidogo. Tunataka kuwasimulia habari za mwanamke aliyetufundisha kutazama, na itabidi tuanze na kosa letu wenyewe.

Tulipokuwa tukijenga chumba cha pili cha vyerehani hapa Kasulu, tulihitaji kokoto. Tulizinunua kwa akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo kando ya njia. Tukavutana bei ndoo kwa ndoo, kama tunavyovutana bei ya vitenge, mpaka wakakubali kwa shingo upande. Tulirudi nyumbani tukijisifu. Nyuso zao hatukuzikumbuka, majina yao hatukuyauliza.

Miezi michache baadaye tulikwenda Kibondo kupeleka sare za watoto wa skuli. Jioni mwenyeji wetu akatuwekea filamu ya zamani kwenye kompyuta. Inaitwa These Hands, yaani Mikono Hii. Ni filamu ya makala, zile ambazo wengi huziita dokumentari, ya mwaka 1992, yenye urefu wa dakika kama 45. Aliyeiongoza na kuitayarisha ni Mtanzania mwenzetu, Bi Flora M'mbugu-Schelling. Filamu yenyewe inaonyesha akina mama wakiponda mawe katika machimbo ya Kunduchi, nje ya jiji la Dar es Salaam.

Tulitazamana. Hakuna aliyesema neno.

Mwanzoni tulingoja sauti ya mtangazaji itueleze tunachokiona, kama tulivyozoea. Haikuja. Tulisikia nyundo, sauti za wanawake wenyewe na nyimbo zao. Kamera imetulia, haina haraka. Nyundo inapanda na kushuka, jiwe linapasuka, watoto wako hapo hapo karibu na mama zao. Halafu wanawake hao hao waliochoka wanaimba na kucheza ngoma, na mtu anaona kuwa hawakuumbwa kwa ajili ya mawe tu.

Ili tujue uzito wa kunyamaza huko, turudi nyuma kidogo. Kati ya 1935 na 1937, wakati wa Waingereza, ulifanyika mradi wa filamu za kuwaelimisha Waafrika, na makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu zile zilitengenezwa ili kutuambia la kufanya: namna ya kulima, namna ya kujikinga na maradhi. Waliopanga walikuwa wageni, na mtazamaji alikuwa mwanafunzi. Baada ya uhuru tulipata vyombo vyetu. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968. Lakini hata hapo mwanamke wa kawaida alionekana zaidi kama mtu wa kuelekezwa kuliko mtu wa kusikilizwa.

Bi Flora alikuja na njia nyingine. Mwaka 1987 alitoa Kumekucha, filamu kuhusu wanawake wa Tanzania na kazi zao. Jina lenyewe mwanamke yeyote analielewa: kukikucha, mwenzenu yuko jikoni, kisimani, shambani, na jua likizama bado kazi haijaisha. Miaka mitano baadaye akaenda Kunduchi na kuwaacha wanawake wa mawe wajionyeshe wenyewe.

Msidhani ni kazi nyepesi. Mwongozaji huamua kamera itazame wapi na kwa muda gani. Mtayarishaji hutafuta fedha, vibali, watu na vifaa, na huhakikisha kazi inafika mwisho. Kubeba yote mawili ni sawa na fundi anayenunua kitambaa, anakata, anashona, kisha anatafuta mteja. Na kwa upole wa picha zile, sisi tunaamini kuwa kwanza alikaa na akina mama wale mpaka wakaacha kuiogopa kamera. Hilo halinunuliki kwa fedha.

Kuna jambo moja lililotugusa zaidi kwa sababu tunaishi huku. Wanawake wale wa Kunduchi ni wakimbizi kutoka Msumbiji. Nchi yao ilipata uhuru mwaka 1975, ikaingia vitani 1977, na mkataba wa amani ulitiwa saini Oktoba 1992, mwaka ule ule wa filamu. Sisi wa Kasulu na Kibondo tunalijua neno mkimbizi. Mwaka 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, Warundi wengi walivuka mpaka. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo, na mwaka 2015 Warundi wakaja tena kwa wingi. Tunazoea kusema "wakimbizi" kana kwamba ni mzigo mmoja uliofungwa kamba. Bi Flora aliufungua mzigo. Ndani yake tukamkuta huyu mwenye kuimba, yule mwenye kunyonyesha, na mwingine mwenye kidole kilichofungwa kitambaa.

Tuliporudi Kasulu tulikwenda pale njiani. Mama aliyetuuzia ndoo nyingi zaidi hakuwapo. Wenzake walisema amehamia kwa binti yake, hawajui lini atarudi. Tukawauliza wao majina yao, tukakaa kidogo kwenye kivuli, na kokoto zilizobaki tukazinunua kwa bei waliyoitaja. Deni la yule mama bado liko shingoni mwetu. Tumefundishwa tangu utotoni kuwa jasho la mtu ni haki yake, na somo hilo tulilipita mbio siku ile tulipojiona wajanja.

Kwa hiyo, dada, ukiipata filamu hii, itazame pamoja na mabinti zako, na usiwaharakishe. Na kesho ukienda sokoni, kabla hujaanza kushusha bei, itazame kwanza mikono ya anayekuuzia.