Sehemu yetu katika kazi ya barabara: tangu kantonye hadi lami ya Kasindi



Katika mkutano wetu uliopita swali moja lilirudi mara tatu, na kila mara lilitoka kwa akina mama wenye wanaponda mawe kando ya barabara: "Hii barabara inapita mbele ya nyumba zetu. Ndani yake sisi tuna sehemu gani?" Hatukuwa na jibu fupi. Tukaona afadhali tuandike historia ya jambo lenyewe, kwa sababu swali hilo ni la zamani kuliko sisi.

Wakati wa Wabelgiji, barabara za kwetu zilichimbwa kwa jembe na chepe. Mtu hakuulizwa kama anataka. Shefu alipewa hesabu ya watu wanaohitajika, naye akawatoa vijijini. Baadaye wakaja wale kantonye, kila mmoja na kipande chake: anafungua mifereji, anajaza mashimo, anakata majani. Malipo yalikuwa madogo na fimbo haikuwa mbali, hatutaki kuisifu kazi ile. Lakini kantonye alikuwa mtu wa kijiji kilekile ambacho barabara inapita, na hata senti yake chache ilibaki pale.

Baada ya uhuru serikali iliunda Office des Routes, mwaka 1971, na kazi kubwa ikaenda kwa mashini. Wakati wa Mobutu tukapata pia salongo. Wale wenye umri wanajua: unalima barabara asubuhi kutwa na unarudi nyumbani mikono mitupu.

Halafu kuna tarehe 30 Novemba 1973, na hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Siku ile Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazairwa. Kwa masikio ilikuwa habari nzuri sana. Hata kwetu Butembo na Beni kulikuwa Wagiriki na wageni wengine wenye maduka na mashamba. Lakini nani alipewa? Si mkulima wa kahawa wala karani aliyekuwa anaendesha lile duka kwa miaka kumi. Katika nchi nzima, mali nyingi zilianguka mikononi mwa wakubwa wa chama, wa serikali na wa jeshi, pamoja na jamaa zao. Wengi waliuza stoki yote na hawakununua nyingine, rafu zikabaki tupu. Kufikia 1976 serikali yenyewe ilikuwa inawaita wenye mali wa zamani warudi. Sheria iliuliza swali moja tu: wewe ni Mzairwa? Haikuuliza nani alikuwa amebaki nyuma.

Swali hilohilo moja bado linaulizwa leo, ndiyo maana tumekaa hapo muda mrefu.

Miaka ya vita tunaipita haraka, kila mtu anaijua. Serikali ilikuwa mbali, na wafanyabiashara wa Butembo walichanga pesa zao kutengeneza barabara ili kamyo zipite. Mwaka 2008 ikaja sheria ya FONER, mfuko wa kutunza barabara, wenye unakula kutoka mafuta ya gari na péage. Kwa barabara ndogo za mashambani kukawa pia komiti za wenyeji, zile CLER, ambazo wengi wetu tulifanyia kazi: kizuizi wakati wa mvua, mifereji, mawe kwenye matope. Pale angalau jina la mtu wa kijiji liliandikwa kwenye daftari la malipo.

Tarehe 16/6/2021 Marais Museveni na Tshisekedi walikutana mpakani, Mpondwe na Kasindi, kuzindua kazi ya barabara tatu: Kasindi–Beni km 80, Beni–Butembo km 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma km 89. Jumla km 223. Kazi ilipewa kampuni ya Uganda, Dott Services. Wakati huo sehemu kubwa yetu hatukuwa nyumbani. Mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni yalikuwa yametutawanya: wengine Oicha, wengine Butembo, wengine ng'ambo ya mpaka. Tuliposikiliza redio, tulisikia kilomita, biashara na usalama. Kuhusu sehemu ya watu wa kando ya barabara, hasa wenye walikimbia, sisi hatukusikia neno siku ile.

Sheria zipo, lakini. Ile ya masoko ya serikali, ya tarehe 27/4/2010, inaruhusu upendeleo kwa kampuni za nchi. Ile nambari 17/001 ya tarehe 8/2/2017 inasema kwamba kampuni kubwa ikigawa sehemu ya kazi, wenye kupewa wawe kampuni zenye mtaji wa Wakongomani, na sehemu inayogawiwa isipite 40% ya kontra. Ni sheria nzuri, na jina lake lenyewe linasema ni ya sekta ya kibinafsi. Lakini angalia inauliza nini: mtaji ni wa Mkongomani? Tajiri wa Kinshasa mwenye mashini kumi na mjane wa Mbau aliyerudi na watoto wanne juu ya moto moja, mbele ya swali hilo wako sawasawa. Ni 1973 tena, ingawa safari hii bila kumfukuza mtu.

Nchi nyingine zimejaribu swali lingine. Kenya, tangu 2013, inatenga 30% ya manunuzi ya serikali kwa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Uganda, kwa mwongozo wa mwaka 2018, inataka kampuni ya kigeni igawie wazalendo angalau 30% ya kazi. Unaona tofauti: Kenya inatazama mtu, Uganda inatazama uraia.

Wenye wameliandika jambo hili kwa urefu zaidi ni Wamarekani. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Reagan tarehe 6/1/1983 iliweka lengo la 10% ya pesa za barabara na usafiri kwa kampuni ndogo za watu walionyimwa nafasi, Weusi wakiwa kati yao. Mwaka 1987 wanawake wakaongezwa. Watu wakashitaki, kesi zikafika mahakama ya juu, na ile ya Adarand mwaka 1995 ikaibana serikali ieleze vizuri sababu zake. Mwaka 1999 kanuni ikaandikwa upya. Hiyo 10% si ya kulazimisha kila mahali. Kila ofisi inayopokea pesa inaweka lengo lake yenyewe. Kwanza inahesabu: kati ya kampuni zote zilizo tayari, zinazotaka na zinazoweza kufanya kazi hii hapa, ngapi ni za hao waliobaki nyuma? Zikiwa 8 kati ya 100, lengo linaanzia 8%, halafu linarekebishwa kwa sababu zinazojulikana. Mwenye kampuni asiwe tajiri kupita kiwango kilichowekwa. Mkandarasi asiyefikia lengo hafukuzwi akionyesha kwamba alitafuta kweli: aliandikia nani, lini, akajibiwa nini. Na kampuni ndogo lazima ifanye kazi yenyewe, isiwe jina la kukodisha. Mwaka 2025 serikali yao imebadilisha tena: rangi au jinsia peke yake haihesabiwi kama uthibitisho, kila mmoja aonyeshe hasara yake mwenyewe. Huko bado wanabishana, na hatuwezi kusema itaishia wapi.

Jambo la jina la kukodisha lilitugusa. Kuna kazi moja ndogo ya mifereji, hatutaji ya nani wala wapi, ambapo wanachama wetu walileta mawe wiki nyingi. Risiti ziliandikwa kwa jina la mtu mwingine anayekaa mjini. Kwenye ripoti, mawe yetu yalihesabiwa kama kazi yake, na bila shaka mtu fulani aliandika kwamba "kampuni ya wenyeji" ilishirikishwa. Sisi tulilipwa kwa ndoo, tena kwa kuchelewa. Lengo likiwekwa bila mtu wa kukagua nani anabeba mawe, faida itakwenda kwa wenye majina.

Lakini kuna kinachotuuma zaidi, na hapo lawama si ya mtu wa nje. Tukienda leo kuomba lengo kwa ajili ya watu waliorudi, na ofisi ikisema "haya, tuhesabu walio tayari", jibu litakuwa nini? Karibu sifuri. Hatuna kampuni zilizoandikwa. Wakati wengine walikuwa wanajiandikisha kwenye guichet unique, sisi tulikuwa tunakimbia, na karatasi za wengine ziliungua pamoja na nyumba. Hesabu ya haki kabisa, ikifanywa sasa, itatupa lengo la sifuri kwa sababu ya vita hivyohivyo vilivyotupa haki ya kuomba. Ndiyo sababu tunaona kuanza na barua ya kuomba asilimia ni kuanza kwa mkia. Tuanze na orodha.

Komiti imekubali hivi. Vikundi vitatu vya kuponda mawe, pamoja na wale waashi wa mifereji, vitasaidiwa kutafuta RCCM na namba ya kodi kabla ya msimu wa mvua. Wenye walifanya kazi CLER walete daftari zao za zamani, hata zilizolowa maji, kwa sababu ni ushuhuda kwamba kazi tunaijua. Wenye karatasi zao ziliungua waje na mashahidi wawili wa kijiji, tutaandika pamoja. Barua kwa mkuu wa teritware itaandikwa baada ya hapo, na kila jina likiwa na karatasi nyuma yake. Daftari la kujiandikisha liko kwa mama karani, kila Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi.