Bomba la Moshi na Sheria ya California
Wanaofunga katalitiki konvata (vifaa vya kusafisha moshi wa gari) za njia pana hudai kwamba kifaa cha kiwandani kiliwekwa kuinyonga injini. Historia ya California haiungi mkono dai hilo, ingawa mwanzo wake ulikuwa mgumu. Mengi ya magari ya mwaka 1975, ya kwanza kubeba kifaa hiki kwa wingi Marekani, yalikuwa yameshapungua nguvu, kwa kuwa watengenezaji walishusha mgandamizo wa injini ili zitumie petroli isiyo na risasi. Isitoshe, baadhi ya konvata zilijazwa punje zilizobana njia ya moshi. Lawama yote ikaangukia konvata, na hilo halikuwa haki.

Punje zilipoachia nafasi masega ya kauri, moshi ukapita kwa urahisi. Kweli, masega yenye matundu makubwa hupunguza mbano zaidi, na kwa gari la mashindano hilo si jambo dogo. Lakini moshi husafishwa unapogusa platinamu, paladiamu na rodiamu kwenye kuta za matundu. Ukiyapanua bila kuongeza madini, umepunguza mahali pa kugusana. Wapo watakaojibu kwamba gari lao lilifaulu Smog Check, ukaguzi wa moshi wa California ulioanza 1984. Kufaulu siku moja hakutoshi. Tangu mfumo wa OBD-II ulipolazimishwa kwa magari ya 1996, kompyuta hufuatilia vihisi vya oksijeni mbele na nyuma ya konvata, gari likiwa barabarani, na konvata dhaifu huwasha taa kwenye dashibodi.