Hamu na Kinai: Habari za Viwanja vya Sikukuu vya Unguja

Watoto wa mtaa wetu wa Amani, wakiulizwa siku hizi wapi wangependa kupelekwa kutembea, aghalabu hunyamaza kwanza, kisha mkubwa wao husema kwa sauti ya upole, "Popote tu, babu." Hawasemi hivyo kwa utovu wa adabu, bali kwa kuwa kila mahali patakapotajwa wamekwisha kwenda mwezi uliopita na mwezi uliotangulia huo, na kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo, pamoja na pembea na mashine zake zote, hawahitaji kukingojea mwaka ndipo wakione. Jibu hilo hunitia huzuni, kwani jina la ugonjwa wake nalijua, nalo ni kinai. Aliyechoka hulala akaamka mzima. Aliyekinai hukisukuma chakula kingali moto sahanini. Na kila nikitafakari jinsi wazee wetu walivyozipanga furaha zao, huona kuwa kinai walikijua vyema na wakakiwekea kinga.

Kinga ya kwanza ilikuwa katika hesabu ya siku. Waswahili, tofauti na Waarabu, huihesabu miezi yao kuanzia pale saumu inapofunguliwa: mfunguo mosi, mfunguo pili, mfunguo tatu, hata mfunguo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Idi ndogo huwa tarehe mosi ya mfunguo mosi, na Idi kubwa huwa tarehe 10 ya mfunguo tatu. Baina ya Idi hizo mbili hupita siku zisizotimia 70, na baada ya hapo mtoto hana budi kungoja zaidi ya miezi tisa. Tena, kwa kuwa mwaka wa mwezi hupungukiwa na siku kama 11 ukilinganishwa na mwaka wa jua, Idi haitulii katika majira mamoja, ila huzunguka misimu yote kwa takriban miaka 33. Aliyeanza kuifahamu Idi wakati wa masika, viatu vipya vikizama topeni na mama akipiga kelele nyuma, baada ya miaka minane aliikuta katika joto la kaskazi, vumbi jeupe likipanda mpaka magotini, na baada ya minane mingine akaikuta katika mvua za vuli. Sikukuu ilikuwa ile ile, na kila mara ilimjia na sura nyingine.

Kinga ya pili ilikuwa mahali. Zamani hori la bahari liliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, nalo ndilo lililoiachia Darajani jina lake, na huko kusini, Mnazi Mmoja, palikuwa na shingo nyembamba ya nchi kavu iliyouunganisha mji na kisiwa kilichobaki. Hori lilifukiwa kidogo kidogo hata likatoweka, na Mnazi Mmoja pakawa kiwanja cha watu wote, mwaka mzima pakipigwa mpira, na siku za Idi pakigeuka kuwa mji wa pembea, vibanda na taa. Hapo ndipo walipokutana wa mjini na wa Ng'ambo. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kufuta utumwa, watu waliokuwa wamenyimwa hata haki ya kujivika wapendavyo walizidi kujipamba kwa kanga, na kiwanja cha sikukuu kikawa mahali pa kuonekana na kuhesabiwa miongoni mwa waungwana. Nadhani mtu aliyekwenda pale na maana kama hiyo moyoni hakuwa rahisi kukinai.

Matayarisho nayo yalikuwa nusu ya furaha. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, alizisimulia shughuli za kushona nguo na kutia hinna zilizokuwa zikiendelea katika majumba ya baba yake Idi ilipokaribia. Katika nyumba zetu za udongo mambo yalikuwa madogo zaidi na hamu ilikuwa ile ile. Bibi yangu alikuwa na kasha la mbao, na ndani yake, chini ya nguo za kawaida, gauni la sikukuu la kila mjukuu wa kike na kanzu ya kila wa kiume, zimefukizwa udi. Sisi tuliruhusiwa kuzigusa kwa ncha ya kidole, kasha likafungwa.

Siku zenyewe zilikuwa nne, na kila moja ikiitwa kwa namba yake: sikukuu mosi, pili, tatu, nne. Asubuhi ya mosi ni sala, kisha kuwazungukia wazee kwa kuwaamkia na kupokea mkono wa Idi, sarafu tulizozifunga katika pindo la leso na kuzihesabu njiani mara tatu. Adhuhuri tulilazwa kwa nguvu. Hakuna aliyeturuhusu kukanyaga kiwanjani kabla ya alasiri, jua lipungue, na mtu mzima aliyetuchukua alitutaka tuchague: pembea moja na ubuyu, au pembea mbili na mkono mtupu. Wakati ule niliona ni ubahili; leo nafahamu kuwa lile chaguo ndilo lililonifanya niikumbuke pembea ile mpaka mlio wa kamba zake juu ya mti.

Baadhi ya furaha hazikuwa kiwanjani. Jumba la sinema la Royal lilifunguliwa mjini mwaka 1921, na wengi waliokuwa hawaendi sinema mwaka mzima walikwenda kwa Idi. Tena ilikuwako siku nyingine kabisa, Mwaka Kogwa wa Makunduchi, inayofuata jua na kuangukia Julai, ambapo wanaume hupigana kwa migomba kutoa kinyongo cha mwaka, kibanda cha makuti hutiwa moto, na mgeni hukaribishwa kula. Nao hufanywa mara moja kwa mwaka, mahali pamoja, na asiyefika hungoja.

Kungojesha furaha namna hii si kwa Unguja peke yake. Kiwanja cha Disneyland huko California kilichofunguliwa mwaka 1955 kilikuwa kwa miaka mingi kikifungwa Jumatatu na Jumanne nje ya msimu. Ni mwaka 1985 ndipo kilipoanza kuwa wazi kila siku. Jamaa zetu walioko ughaibuni husimulia kuwapeleka watoto katika viwanja kama hivyo likizo baada ya likizo, hata mtoto akaomba abaki nyumbani. Jamaa mmoja aliniambia kuwa ameacha kwenda miaka miwili kwa makusudi, na mwaka wa pili mwanawe akaanza kuuliza mwenyewe.

Kariakoo siiombei ifungwe. Watoto wa leo hawana miembe na viambaza vyetu, na pembea ya chuma ni bora kuliko barabara. Lakini sikukuu iliyopita niliwaambia wajukuu kwamba hatutakwenda mpaka sikukuu nne, alasiri. Walinung'unika. Siku ya tatu mdogo wao alikuja barazani ameshika viatu vyake vipya mkononi, hajavivaa, akaniuliza imebakia saa ngapi.