Picha ya Harusi Isiyo ya Pozi

Picha ya harusi isiyo ya pozi ni ile inayopigwa wahusika wakiwa katika shughuli zao, bila kusimamishwa wala kuelekezwa: mama anamfunga bintiye vishikizo, shahidi anapapasa mfuko akitafuta pete, watoto wamelala juu ya viti viwili vilivyounganishwa huku muziki ukiendelea. Siku hizi wapiga picha wengi wa mijini huitangaza kama bidhaa yao ya kwanza. Katika historia ya kamera, hata hivyo, picha hii imechelewa sana kufika. Kwa zaidi ya miaka mia moja, picha ya harusi ilikuwa ni picha ya watu waliokaa kimya wakisubiri mpiga picha amalize. Chombo chenyewe kilichangia hali hiyo, lakini namna ya malipo na ruhusa ya kuonekana zilichangia pia, na mara nyingi hizi mbili husahauliwa.

Uvumbuzi wa Louis Daguerre wa kunasa picha kwa kamera ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839. Picha yake ilitokea juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, na hapo mwanzo bamba hilo lilihitaji dakika kadhaa za mwanga mkali. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840 bila kamera hata moja kuwepo. Picha za wawili hao zilizopigwa na Roger Fenton mwaka 1854 husambazwa mpaka leo kama picha za harusi yao, ingawa zimepishana nayo kwa miaka kumi na minne na wahusika wamevaa mavazi ya baraza la kifalme.

Picha ya familia hiyo inayohusika zaidi na somo hili ni ya tarehe 25 Januari 1858, siku alipoolewa binti mkubwa wa Malkia. Mpiga picha T. R. Williams aliwapanga bibi harusi na wazazi wake mbele ya kamera kabla ya kwenda kufunga ndoa. Malkia alikuwa akitetemeka, na sura yake ikatoka na ukungu. Mwenyewe aliandika jambo hilo katika shajara yake. Kwa fundi wa wakati ule hiyo ilikuwa picha iliyoharibika. Kwa mtazamaji wa leo, ukungu ule ndio kitu pekee katika picha nzima kinachosema kuwa mama alikuwa anamwoza mwanawe.

Ufundi wa zama hizo ulilenga kuondoa mtetemo kama ule. Studio ziliweka vishikio vya chuma nyuma ya shingo za wateja ili vichwa visitikisike. Maharusi hawakufuatwa na mpiga picha. Wao ndio waliokwenda studio, pengine siku kadhaa baada ya sherehe, wamevaa nguo yao bora hata kama haikuwa ile ya harusi. Mmoja aliketi, mwingine akasimama na mkono begani. Nyuso zilikuwa za uzito, kwa kuwa tabasamu ni gumu kulishikilia kwa sekunde nyingi, na kwa kuwa picha ilihesabiwa kuwa kumbukumbu ya hadhi.

Kisingizio cha mabamba ya polepole kiliisha mapema kuliko inavyodhaniwa. Richard Leach Maddox alieleza njia ya mabamba makavu mwaka 1871, na kufikia miaka ya 1880 picha ya nje iliweza kupigwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mwaka 1888 kamera ya Kodak iliuzwa ikiwa na mkanda wa picha mia moja. Pozi halikuondoka. Sherehe nyingi zilifanyika ndani ya nyumba na makanisa yenye giza, na unga wa magnesi uliotumika kutoa mwanga kuanzia 1887 ulilipuka kwa kishindo na kujaza chumba moshi. Mtu anayepiga picha kwa mlipuko hawezi kupita kimyakimya kati ya wageni.

Mabadiliko yalianzia nje ya harusi. Ujerumani ilitoa kamera ya Ermanox mwaka 1924, yenye lenzi iliyopokea mwanga mwingi kuliko kawaida, na Leica mwaka 1925, iliyotumia filamu ya sinema na kuingia katika mfuko wa koti. Mpiga picha wa habari Erich Salomon aliitumia Ermanox kuwapiga picha majaji na mawaziri bila wao kujijua, mara nyingine akiificha ndani ya kofia. Magazeti yalizipenda picha hizo. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alimpiga picha bibi harusi akiwa juu ya bembea huko Joinville-le-Pont, karibu na Paris, mwaka 1938. Yeye hakuwa ameajiriwa na familia, na pengine ndiyo sababu aliachiwa kungoja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndoa ziliongezeka mno Marekani, na vijana waliojifunza kamera jeshini wakaingia katika biashara hii. Balbu ya flashi, iliyotokea mwaka 1929, ilikuwa imeondoa moshi wa magnesi. Mpiga picha sasa aliwafuata maharusi kanisani na ukumbini, na matangazo yakaahidi picha za asili. Ahadi ilikuwa kubwa kuliko kilichowezekana. Kila balbu ilitumika mara moja tu, na kamera za mkanda mpana kama Rolleiflex na Hasselblad zilitoa picha kumi na mbili kabla ya kubadilisha filamu. Mwenye picha kumi na mbili mkononi hangoji bahati: husimamisha kisu juu ya keki, huwaambia maharusi watazamane, huhesabu hadi tatu. Hapo likazaliwa pozi la kujifanya si pozi, ambalo bado limejaa katika albamu za leo.

Aliyeigeuza biashara hiyo kwa jina na kwa bei ni Mmarekani Denis Reggie. Tangu miaka ya 1980 aliitangaza kazi yake kuwa ni uandishi wa habari wa harusi: hapangi mtu, hufuata tukio. Mwaka 1996 John F. Kennedy Mdogo, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, na Carolyn Bessette walifunga ndoa kwa siri katika kanisa dogo la mbao la First African Baptist, kisiwani Cumberland, jimbo la Georgia. Reggie aliwapiga picha walipokuwa wakitoka kanisani usiku, bwana harusi akiubusu mkono wa mkewe. Picha hiyo moja ilizunguka dunia, na maelfu ya wateja waliotaka "kama ile" wakaanza kuwakataa wapiga picha wa pozi. Ikumbukwe kwamba haikupigwa kwa mwanga uliokuwepo tu, flashi ilikuwepo. Hali ya asili katika picha hutokana na wahusika kutoelekezwa, si na ukosefu wa vifaa.

Katika pwani ya Afrika Mashariki historia hii ilipita njia yake. Miongoni mwa studio za kwanza za kudumu Zanzibar zilikuwemo za Wagoa, akiwemo A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, kabla ya karne ya 19 kwisha. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, studio iliyoendelea kufanya kazi hata baada ya Mapinduzi ya 1964, na baadaye chini ya mwanawe Rohit. Mombasa ilikuwa na N. V. Parekh, aliyepiga picha maharusi wa kila jamii ya mji kuanzia miaka ya 1940, na Lamu ikawa na Omar Said Bakor, fundi wa kuunganisha picha, aliyeweza kumtokeza mteja katikati ya petali za ua.

Kwa Parekh, pozi lilikuwa sanaa yenyewe. Taa zilipangwa kama za sinema, na wateja wengi walikuja wakijua ni mwigizaji gani wa filamu za Kihindi wanayetaka kufanana naye. Kuziita picha hizo za bandia si haki. Maharusi waliolipa pesa nzuri kupigwa picha moja au mbili walitaka kuonekana jinsi walivyojiona katika siku yao bora, na studio iliwapa hilo bila kuwadanganya.

Tena mila yenyewe ilikuwa na utulivu wake. Siku ya kupamba, bibi harusi wa Kiswahili hutolewa mbele ya wanawake akiwa na hina na piko mikononi, asumini kichwani, dhahabu shingoni, na hukaa ameinamisha macho bila kucheka wala kusema. Utulivu huo haukuletwa na kamera, uliitangulia. Mpiga picha aliyesomea vitabu vya Ulaya na anayetaka bibi harusi arushe kichwa nyuma kwa kicheko anaomba kitu ambacho sherehe hiyo haina, na akikipata atakuwa amempanga mtu huku akidai hapangi. Uchangamfu upo pembeni: kwa wanawake wapigao ngoma ya vugo, kwa shangazi anayewatuza, kwa wasichana wanaochungulia mlangoni, na katika vigelegele. Huko ndiko picha za ghafla za harusi ya pwani zinakopatikana.

Jambo la pili, baada ya chombo chenyewe, ni malipo. Kwa miongo mingi, Tanzania na Kenya, mpiga picha wa harusi hakulipwa kwa siku bali kwa nakala. Alipiga mkanda wa picha thelathini na sita, akaukimbiza kusafishwa, kisha akarudi kuzipanga picha mlangoni mwa ukumbi au kupita nazo nyumba kwa nyumba. Mgeni alinunua picha aliyomo. Aliyeonekana kisogo hakununua, na aliyepigwa akitafuna aliikataa kwa matusi. Katika biashara ya namna hiyo, picha nzuri ni yenye nyuso nyingi zinazoitazama kamera. Ndiyo sababu mpiga picha alisimamisha foleni ya zawadi, akaagiza meza nzima isimame, na kulazimisha kulishana keki kurudiwe. Hakuwa mjinga wa sanaa; alijua nani atamlipa. Pozi lilipungua pale tu kamati za harusi zilipoanza kumlipa kwa shughuli nzima na kupewa picha zote.

Jambo la tatu ni ruhusa, na kwa pwani ya Waislamu hili ndilo zito zaidi. Sherehe za wanawake ni mahali ambapo buibui huvuliwa na nywele huachwa wazi. Picha iliyopigwa humo huweza kutoka nje ya nyumba, ikaonwa na wanaume ambao hawakualikwa. Video zilipoenea katika miaka ya 1980, hofu iliongezeka, maana mkanda wa harusi ukiazimwa mara tatu haujulikani tena uko kwa nani. Simu zenye kamera zilizidisha tatizo. Katika kumbi nyingi za Mombasa na Zanzibar simu hukusanywa mlangoni au tangazo la kukataza picha hubandikwa, na kazi ya ndani hupewa mpiga picha mwanamke anayejulikana na familia. Kwa hiyo ufundi uliosifiwa kwa Salomon, yaani kumpiga picha mtu bila yeye kujua, hapa ni kosa. Picha ya ghafla inakubalika tu kwa aliyekwisha kubali kuwa kamera ipo.

Kamera za kidijitali ziliondoa vizuizi vya ufundi vilivyobaki. Hesabu ya thelathini na sita ilitoweka, na kamera kama Nikon D3 ya mwaka 2007 ziliweza kufanya kazi kwa mwanga wa taa za ukumbi bila flashi. Baadaye zikaja zenye shata isiyotoa sauti, zinazofaa wakati wa hutuba ya nikaha au kiapo cha kanisani. Mpiga picha aliyehesabu kila mbofyo sasa hurudi nyumbani na picha elfu mbili, na kazi ngumu imehamia kwenye kuchagua.

Pamoja na hayo, wanaoifanya kazi hii vizuri wanategemea mambo ya zamani kuliko vifaa. Hukutana na maharusi kabla ya siku yenyewe ili wazoeleke. Huijua ratiba, wakajua nani atalia na nani atachelewa. Huomba chumba cha kuvalia kiwe na dirisha na mizigo iwekwe upande mmoja, kisha hukaa pembeni mpaka watu wawasahau. Huacha nafasi katika ratiba, kwa sababu harusi inayokimbizwa na mshereheshaji toka tukio moja hadi jingine haina muda wa jambo lolote kutokea lenyewe. Kumwambia bibi harusi "kuwa wa kawaida" hakusaidii. Mtu aliyeambiwa hivyo hukakamaa papo hapo. Badala yake, mpiga picha mzuri humpa kitu cha kufanya, au humwacha na ndugu zake.

Picha ya pamoja haijafa, wala haionekani kuwa itakufa. Wazee, wakwe na wajomba waliosafiri siku mbili kwa basi wanadai kupangwa mstari mmoja na maharusi katikati, na mpiga picha anayewanyima kwa jina la uasilia hujikuta akilalamikiwa na kamati nzima. Wengi sasa huimaliza picha hiyo mapema, mara baada ya ndoa kufungwa, kwa orodha iliyoandikwa na familia, kisha huziacha saa zilizobaki kwa shughuli yenyewe.