Usingizi wa Kununua

Katika nchi tambarare ya mpunga iliyo baina ya Milima ya Udzungwa na Mto Kilombero, ambayo kata ya Mchombe ni sehemu yake, sababu za kumnyima mtu usingizi hazikupata kuwa haba tangu zama za mababu: mbu wa masika, papasi waliojificha katika nyufa za sakafu za udongo, zamu ya kukesha juu ya dungu ili nguruwe wasiharibu mavuno, na deni la msimu ambalo humrudia mtu akilini usiku wa manane. Sababu hizi ni kongwe. Lakini desturi ya kuzijibu zote kwa kidonge kilichonunuliwa dukani ni ngeni, na historia yake yastahili kujulikana na kila mwenye kukinyoshea mkono kidonge hicho.

Desturi hiyo ilianzia Ulaya. Mwaka 1869, mjini Berlin, Oscar Liebreich alitangaza kuwa klorali yaweza kumlaza mtu. Mwaka 1903 Emil Fischer na Joseph von Mering wakaleta Veronal, ya kwanza katika ukoo wa dawa ziitwazo babiturati. Na mwaka 1912 kampuni ya Bayer ikauza Luminal, ambayo matabibu wetu huijua kwa jina la fenobabitali. Kila moja ilipokelewa kwa sifa kubwa, na kila moja ilionyesha madhara yake baada ya watu kuizoea, kwa maana katika babiturati kipimo cha kulaza na kipimo cha kuua hukaribiana mno, na pombe huupunguza zaidi huo umbali mdogo uliopo.

Fenobabitali, hata hivyo, ilipata kazi nyingine iliyo bora kuliko ile iliyoundiwa. Mwaka uleule wa 1912 Alfred Hauptmann, tabibu wa Freiburg, aligundua kuwa wagonjwa wa kifafa waliopewa dawa hiyo huanguka mara chache zaidi. Na kwa njia hiyo ikaja kuwafaa watu wa Mahenge, ng'ambo ya mto kutoka Ifakara, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1960 Louise Jilek-Aall, tabibu mwanamke kutoka Norwei, alifungua kliniki kwa ajili ya Wapogoro wenye kifafa. Watu hao, kwa kuwa wengi waliamini maradhi yao huambukiza kwa mate, walikuwa wakitengewa vyombo vya kulia, na wengine wakiungua motoni au wakizama majini kwa kukosa wa kuwaangalia. Hapa kidonge cha usingizi kilirudisha watu mezani pa jamaa zao, wala simjui mwenye insafu atakayekilaumu kwa hilo.

Lakini dawa hiyohiyo ina sharti moja ambalo kila mhudumu wa kifafa hulirudia kwa mgonjwa na kwa mlezi wake: isikatizwe ghafla. Ubongo uliozoea kutulizwa kila siku kwa nguvu ya nje hupunguza utulivu wake wenyewe, na nguvu hiyo ikiondolewa kwa siku moja hubaki umechachamaa, hata mtu huweza kuanguka mfululizo mpaka kufa. Sharti hili mwenye kifafa hufundishwa. Mwenye kununua usingizi dukani aghalabu hakuna amfundishaye, ilhali lamhusu vilevile.

Ulimwengu ulikwisha kuonywa kwa ukali. Kidonge cha usingizi kiitwacho Contergan kiliuzwa Ujerumani tangu mwaka 1957 kwa ahadi ya usalama kamili, hata kwa wajawazito. Kilipoondolewa mwezi wa Novemba 1961, watoto wapatao 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wameathirika, wengi wao wakizaliwa na mikono au miguu mifupi. Ndipo macho ya watu yakageukia dawa mpya za kampuni ya Hoffmann-La Roche ya Basel, kazi ya Leo Sternbach katika tawi lake la Marekani: Librium ya mwaka 1960 na Valium ya mwaka 1963, ambayo ndiyo diazepamu. Zilisifiwa kuwa haziui kama babiturati, na hilo lilikuwa kweli kwa mwenye kuzimeza peke yake bila pombe. Lakini mwaka 1961 Leo Hollister alikwisha kuonyesha kuwa waliokatiziwa Librium ghafla, baada ya vipimo vikubwa, walikosa usingizi, wakahangaika, na wengine wakaanguka kifafa. Ilipita zaidi ya robo ya karne, hata Januari 1988, ndipo Uingereza ikawashauri matabibu wake wasizitoe kwa zaidi ya wiki mbili hadi nne. Ucheleweshaji huo nauona kuwa ni dhuluma.

Na katika mji huohuo wa Basel lilitoka jibu jingine la usiku wa Kilombero. Rudolf Geigy, mkuu wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, alifungua maabara Ifakara mwaka 1957 kuchunguza papasi na wadudu wengine waletao maradhi; na mwaka 1997 warithi wa kazi hiyo wakaanza kueneza vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vikapunguza vifo vya watoto wadogo kwa kadiri ya asilimia 27. Huko ndiko kumtibu asiyelala: kutafuta kinachomwamsha na kukiondoa. Mbu hawaondolewi kwa diazepamu, wala deni halilipwi nayo. Na kwa kuwa hukaa mwilini kwa siku kadhaa, mzee aliyeimeza jana huweza kuanguka leo akienda msalani, na dereva wa bodaboda akasinzia njiani.

Msomaji ambaye amekwisha kuvizoea vidonge hivi kwa miezi au miaka, namsihi asivitupe leo kwa hofu ya haya aliyoyasoma. Na aende hospitali, amweleze tabibu bila haya ni kidonge gani, kiasi gani na tangu lini, ili apunguziwe kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Na ambaye hajaanza, amwulize tabibu kwanza kwa nini halali.