Majaruba ya Rwamgasa

Msafiri apitaye Rwamgasa, huko Geita, akaviona vifusi vya maduara ya wachimbaji na kusikia ngurumo za karasha za kusagia mawe tangu alfajiri, aghalabu hudhani kwamba nchi hii haina taarikh ila ya dhahabu. Walakini akishuka mteremko hata penye udongo mzito wa bondeni atayakuta majaruba ya mpunga yamepangana kama mikeka iliyotandikwa kwa maulidi, nayo yana taarikh yake.

Inasadikiwa kwamba walioleta mpunga nchi za Usukuma ni Waarabu na watu wa pwani, waliofuata misafara hata Tabora katika karne ya 19. Kwa miaka mingi mwenyeji aliendelea na mtama na uwele wake, na mbuga akawaachia ng'ombe, kwa kuwa udongo ule mweusi hunata mvua ikinyesha na hupasuka jua likiwaka, na jembe la mkono haliuwezi. Plau ya maksai, iliyoenea kwa fedha za pamba, ndiyo iliyoufungua. Kisha serikali ya kikoloni, ilipoona Usukuma umesongamana watu na mifugo, ikaanzisha mwaka 1947 mpango wa maendeleo wenye makao yake Malya, na katika tadbiri zake ilikuwamo hii ya kuwavuta watu wahamie mapori ya Geita. Waliohama walikwenda na ng'ombe wao, na pia na elimu ya udongo, ambayo hakuna bwana shamba aliyewafundisha: luseni ni mchanga wa juu, itogolo ni ule wa chini yake wenye tabaka gumu lisilopitisha maji, na mbuga ndiyo ya mwisho, maji yanapotua.

Hapa hapana mfereji wala lango la kufungulia maji. Maji ni yale yatiririkayo kutoka mlimani baada ya mvua, na mkulima huyazuia kwa matuta. Basi kuchagua mbegu ni kukadiria maji yatakaa wapi na kwa muda gani. Jaruba la juu, likaukalo mapema, hupewa mpunga wa muda mfupi. La chini hupewa Supa, mrefu wa kimo na mwenye harufu, ambao hukawia kukomaa, wala maji ya kina hayaufuniki upesi. Mwenye kumwaga mbegu moja kwa moja, badala ya kupandikiza miche ya kitaluni, hufanya hisabu iliyo ngumu zaidi: akimwaga katika udongo mkavu, mvua ya kwanza ikaja na kukatika, mbegu huchipua na kufa, akichelewa, magugu humtangulia, maana hana maji ya kuyazamisha. Sijui kazi nyingine ambayo kiganja kimoja cha mbegu hubeba shaka nyingi kiasi hicho.

Mvua ikishanyesha, mtu huzunguka matuta mapema asubuhi akitazama tundu la panya, maana tundu dogo kama kidole laweza kumaliza maji ya jaruba zima kabla ya adhuhuri. Akiliona hukata bonge la udongo, hulisokomeza, kisha hulikanyaga kwa kisigino mpaka uvujaji ukome.

Mwaka 2002 ilitolewa rasmi mbegu ya SARO 5, kazi ya watafiti wa Ifakara, fupi na yenye mazao mengi penye maji yanayotawalika. Mkulima wa jaruba lisilo na mfereji ana haki ya kuitazama kwa hadhari, kwani ufupi ulio neema katika skimu ya umwagiliaji huwa msiba bondeni siku ya gharika.

Miaka hiyohiyo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika Rwamgasa kwa ajili ya zebaki inayotumika kukamatia dhahabu. Jambo hilo lamgusa na mkulima, kwa maana wachimbaji nao huyataka maji, na mialo yao, ndipo wanapooshea mchanga, huwa pale yapatikanapo. Tuta alilolinyanyua babu ili maji yasitoke, mjukuu hulikagua na kwa upande wa nje, yasije yakaingia ya mwaloni.